Namna ya kutumia mitishamba kwa tezi dume na nguvu za kiume

Mwanaume anayeamka mara nne usiku kwenda kukojoa, au anayeona nguvu zake za kiume zimepungua, mara nyingi hukimbilia mitishamba kwa sababu inamwepusha na aibu ya kujieleza mbele ya daktari. Siipingi, ila aianze akiwa ameshapimwa sukari na shinikizo la damu. Mishipa inayopeleka damu kwenye uume ni myembamba kuliko ya moyo, kwa hiyo huathirika mapema, na upungufu wa nguvu unaweza kuwa dalili ya kwanza ya kisukari au ugonjwa wa moyo. Anayeutuliza kwa mizizi ya kuchemsha huuacha ugonjwa wenyewe ukiendelea kimyakimya. Damu kwenye mkojo, au mkojo kugoma kabisa, ni safari ya hospitali siku hiyohiyo.

Kwa tezi dume iliyotanuka, anza na daftari. Kwa siku 3 mfululizo andika kila saa unayokojoa, kiasi kinachotoka ukikipima kwa chombo chenye alama za mililita, na vyote ulivyokunywa tangu jioni. Wapo wanaogundua hapo kwamba chai ya saa tatu usiku ndiyo inayowaamsha saa nane. Ukitaka kuongeza mmea, ningetanguliza dondoo ya gome la Prunus africana, mti wa misitu ya milimani Afrika, miligramu 100 kwa siku: majaribio yake yalikuwa madogo na mafupi, lakini yalionyesha nafuu ya kiasi kwa wanaoamka usiku. Matunda ya Serenoa repens, mmea mfupi wa jamii ya mitende, yana sifa kubwa zaidi, ilhali utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2011, uliopandisha dozi hadi mara 3 ya kawaida, haukuona tofauti yoyote na vidonge visivyo na dawa. Baada ya wiki 8 jaza daftari upya. Safari za usiku zisipopungua, acha.

Kwa nguvu za kiume, ginseng nyekundu, mzizi kutoka Asia, huenda ikasaidia kidogo. Gome la yohimbe likwepe, kwa kuwa hupandisha shinikizo la damu na kuvuruga mapigo ya moyo. Kinachonitia hofu zaidi ni ule unga usio na jina unaosifiwa kwamba hufanya kazi ndani ya saa moja, kwani mitishamba kwa kawaida haina mwendo huo. Maabara zimekuta mara kwa mara bidhaa za aina hii zikiwa na sildenafil, yaani dawa iliyomo kwenye vidonge vya Viagra, iliyochanganywa kwa siri, na anayetumia dawa za naitreti kwa maumivu ya kifua akiimeza, shinikizo lake linaweza kuporomoka kiasi cha kumuua. Ukinywa “mizizi” kisha kichwa kikauma, uso ukawaka, pua ikaziba na vitu vikaonekana vya rangi ya bluu, shuku kwamba umemeza kidonge kilichosagwa, na usirudie.

Ikiwa shinikizo limepanda kidogo tu, maua makavu ya rosela yanafaa: loweka gramu 1.25 katika mililita 240 za maji yaliyochemka, funika kwa dakika chache, chuja, unywe bila sukari mara 3 kwa siku kwa wiki 6. Anayetumia vidonge vya shinikizo amweleze daktari kwanza, lisije likashuka kupita kiasi. Anayemeza vidonge vya kitunguu saumu naye amweleze daktari kabla ya upasuaji wowote, hata ule wa tezi dume, kwa sababu hupunguza kuganda kwa damu.