Somo: Entropia kwa sarafu nne na kipande cha barafu

Wengi tulikaririshwa kwamba entropia ni "kipimo cha fujo", tukajibu mtihani, tukafaulu bila kuelewa. Leo tunahesabu.

Hatua ya 1. Tikisa sarafu nne kikombeni, zimwage mezani. Ziite A, B, C, D. Zote kuonyesha kichwa, njia ni moja tu. Mbili kuonyesha kichwa: AB, AC, AD, BC, BD, CD, yaani njia sita. Mipangilio yote ni 16, na kila mmoja una nafasi sawa na mwenzake. Mbili kwa mbili hutokea zaidi kwa sababu njia zake ni nyingi. Iandike yote 16 kwa mkono wako, tafadhali usiruke. Somo lote limo humu.

Hatua ya 2. Idadi ya njia, ziwe za sarafu au za kupanga molekuli, iite W. Entropia ni S = k log W, logi ya asili, na k ni namba isiyobadilika, 1.38 × 10⁻²³ J/K (jouli kwa kelvini). Fomula hii imechongwa kwenye kaburi la mwanafizikia Boltzmann, Vienna. Kwa nini logi? Vikombe viwili, kila kimoja kikitoa mbili kwa mbili, vina njia 6 × 6 = 36. Njia huzidishana, logi zake hujumlishana.

Hatua ya 3. Mwanafizikia Clausius, aliyetunga jina "entropia" mwaka 1865, hakuhesabu molekuli. Aligawanya joto kwa halijoto katika kelvini (nyuzi za Selsiasi jumlisha 273). Barafu ya gramu 100 ikiyeyuka kwenye 0 °C hunyonya jouli 33,400:

33,400 ÷ 273 = 122 J/K

Chumba chenye 27 °C kilichotoa joto hilo kimepoteza 33,400 ÷ 300 = 111 J/K. Joto ni lilelile, ila jumla imepanda kwa 11. Sheria ya pili ya thermodinamiki inasema jumla ya entropia haishuki yenyewe. Ndiyo maana barafu huyeyuka mezani, na maji yale hayagandi tena yenyewe.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, mbona friji inagandisha maji? Sheria haijavunjwa?*
Haijavunjwa, ndugu yangu. Gusa nyuma ya friji uone lilivyo na moto. Joto la maji pamoja na nishati ya umeme vimemwagwa jikoni, na entropia ya jikoni imepanda kuliko ile iliyopungua kwenye maji.

*Sarafu 100 zikirushwa, zote haziwezi kutoka kichwa?*
Zinaweza. Nafasi ni moja katika 1.27 × 10³⁰. Na gramu moja ya maji ina molekuli kama 3.3 × 10²², si 100.