Shata Iliyoganda: Ninavyofufua Canonet na Zorki Kibarazani Jinja

Afande mmoja mstaafu alifika kibarazani kwangu hapa Jinja na mfuko wa kaki wenye kamera mbili. Alianza kwa Kiswahili moja kwa moja, maana alishaambiwa mimi ni mtu wa Busia, mpakani na Kenya. (Huku Uganda ukizungumza Kiswahili barabarani watu hukuuliza kambi yako ya jeshi iko wapi.) Moja ilikuwa Canonet QL17 ya Japani. Nyingine Zorki 4, aliyoinunua Urusi enzi za ujana wake alipopelekwa mafunzoni. "Zote zimekufa, mwanangu," akasema. "Niambie ipi ya kuzika."

Hizi ni renjifainda. Ndani ya kidirisha unaona picha mbili za kitu kimoja. Unazungusha lenzi mpaka zikalaliana, hapo umepata umbali. Kwa nje zinafanana, lakini shata zao, yaani mlango unaofunguka na kufunga kupitisha mwanga, ni dunia mbili. Ya Canonet ni vibamba vya chuma vyembamba kama ganda la kitunguu, vilivyofichwa katikati ya vioo vya lenzi. Ya Zorki ni mapazia mawili ya kitambaa yanayokimbizana mbele ya filamu. Kwa hiyo usimwamini fundi mwenye dawa moja ya zote.

Kabla ya kushika bisibisi, tazama pete ya tundu la lenzi. Ya Canonet ya Afande ilikuwa imewekwa kwenye A, yaani kamera ijipimie mwanga yenyewe, na betri haimo. Ikiwa hivyo, sindano ya kupima mwanga haiinuki na kitufe hujifunga makusudi ili usiharibu filamu. Niliizungusha pete hadi 5.6, nikabonyeza, ikalia. Nimeshanunua Canonet "mbovu" kwa bei ya chapati kwa sababu hiyo tu.

Lakini furaha ilikuwa fupi. Kwenye spidi ya 1/4, yaani robo sekunde, vibamba vilifunguka nusu vikabaki hapo, vimelegea kama kope za mtu mwenye usingizi. Ugonjwa huu ndio ninaoletewa kuliko mwingine wowote. Grisi ya kiwandani imezeeka, mafuta yake yametambaa hadi kwenye vibamba, na unyevu wa ziwa na vumbi vimekuja kuungana nayo. Chemchemi ni nzima. Kilichopo ni gundi.

Kazi inaanzia mbele. Pete yenye jina la lenzi naifungua kwa kizibo cha mpira cha sinki: nakikandamiza juu yake na kuzungusha kinyume cha saa, polepole. Bisibisi hapo itaacha kovu ambalo mteja ataliona kila siku. Chini yake kuna kioo cha mbele kwenye fremu yenye vijitobo viwili. Fundi wa mjini ana kifaa chake; mimi nina bikari ya shule niliyoinoa ncha zote mbili. Kioo kikitoka, unaviona vibamba uso kwa uso.

Sasa mafuta ya laita, yale ya kujazia viberiti vya chuma. Petroli ya gari na mafuta ya taa huacha utando, usithubutu. Fungua dirisha, na hakikisha hakuna sigiri karibu. Mimi humsubiri kijana wa rolex (chapati ya mayai) wa hapo jirani afunge kwanza. Chovya kijiti cha pamba, kikamue mpaka kisidondoshe, upanguse vibamba. Koki (yaani vuta wenzo wa filamu ili shata iwe tayari), bonyeza, pangusa tena kwa kijiti kipya. Pamba itatoka na rangi ya chai ya rangi. Endelea mpaka itoke nyeupe. Usimwage mafuta kama unayeosha sufuria: yatabeba uchafu hadi kwenye kioo cha nyuma, na kazi ya saa moja itakuwa ya siku mbili.

Hapa ndipo wengi hujidanganya. Vibamba vikiwa bado vimelowa vitacheza vizuri sana, nawe utafunga lenzi na kupokea pesa. Kesho yake mteja anarudi, shata imeganda tena. Mafuta ya laita yenyewe huteleza. Yakishakauka, uchafu uliobaki unashika upya. Iache ilale, uijaribu asubuhi. Ya Afande niliisafisha usiku wa tatu mfululizo ndipo ikakubali.

Na vibamba havitiwi mafuta. Hata tone. Jirani yangu fundi cherehani aliniona nahangaika, akanisogezea kichupa chake: "Weka kidogo tu, mashine zote ni ndugu." Mwaka wangu wa kwanza nilimsikiliza mtu kama yeye. Shata ilikimbia wiki moja, kisha ikaganda kuliko mwanzo. Vibamba hivi hufanya kazi vikiwa vikavu kabisa.

Zorki ni habari nyingine, na mafuta ya laita usiyapeleke kwenye mapazia yake kabisa, maana kitambaa kimepakwa mpira na huo utalainika. Toa lenzi na mgongo wa kamera, ingia chumba cha giza, mulika tochi kwa mbele huku ukitazama kwa nyuma. Ikiwa haijakokiwa unaliona pazia la pili. Ikikokiwa, unaliona la kwanza. Kagua yote mawili. Ya Afande ilionyesha nyota nne, yaani matobo, na moja kubwa kama kichwa cha pini. Hiyo kubwa ilikuwa kazi ya jua. Renjifainda haina kioo cha kuukinga mwanga ndani, na ukiiacha mezani bila kifuniko ikitazama jua letu la mchana, lenzi hufanya ile kazi ya watoto wanaochoma karatasi kwa kioo cha kukuzia.

Matobo madogo nayaziba kwa sulushoni ya viraka vya baiskeli, niliyoipunguza uzito kwa matone ya laita na kuichanganya na masizi laini. Hayo matone yamo kwenye sulushoni tu na hukauka upesi. Paka kwa brashi yenye nywele chache, utando mwembamba sana, kisha usiiguse kamera siku mbili. Ukipaka nene, pazia halitajikunja vizuri kwenye kijiti chake. Kama kitambaa kimekakamaa na kupasukapasuka kama jani kavu la mgomba, acha viraka; hapo ni kubadilisha mapazia yote, na hiyo haifanyiki kwa makala.

Picha zikitoka na giza upande mmoja, pazia la pili linalifikia la kwanza njiani. Kwanza safisha, na hapa mafuta yanaruhusiwa: tone la ncha ya sindano kwenye ekseli za vijiti, si kwingine. Ikishindikana ndipo uguse mvuto wa chemchemi. Chini ya kamera kuna vichwa viwili vyenye mfuo, kila kimoja na skrubu yake ya kukifunga. Shika kichwa kwa bisibisi moja kabla ya kulegeza skrubu kwa nyingine. Mara ya kwanza sikushika. Ikalia trrrr, chemchemi nzima ikajifungua kwa nafasi ya kupepesa jicho, na sikujua ilikuwa imezungushwa mara ngapi. Nilikaa nayo mpaka saa sita za usiku. Ongeza robo mzunguko, jaribu, basi.

Kupima spidi natumia simu inayorekodi fremu 240 kwa sekunde. Kamera ikiwa wazi nyuma na taa mbele, hesabu fremu zenye mwanga: sekunde moja iwe karibu 240, 1/30 iwe 8, 1/60 iwe 4. Zaidi ya hapo simu haiaminiki, filamu ndiyo itakayosema. Sigombani na tofauti ya fremu moja. Kamera ya umri huu ikikosea kidogo, filamu nyeusi na nyeupe huisamehe.

Afande alirudi Jumamosi. Canonet aliitia mfukoni bila maneno. Alichokuwa akikitaka ni Zorki. Nikamwonya juu ya jambo linaloziua nyingi: spidi haichaguliwi kabla ya kuzungusha kinundu cha filamu, la sivyo unavunja kipini cha ndani.

"Koki kwanza, Afande, ndipo uchague spidi."

"Kukoki unanifundisha mimi?" akasema. "Nilikuwa nakoki kabla mama yako hajaolewa."

Akainua kamera, akashika gurudumu la spidi, akaanza kuligeuza. Nilimdaka mkono.