Q bila U kwenye Scrabble, usipaniki

We unayecheza Scrabble, ule mchezo wa kupanga vigae vya herufi kuunda maneno ya Kiingereza, ukikamata Q na huna U usikimbilie kuibadilisha, meza kichwani QI tu kwanza, ni ile nguvu ya uhai ya Wachina, na inakubalika kabisa. Q yenyewe ina pointi 10, sasa ukiiweka kwenye kiboksi cha kuzidisha herufi mara tatu alafu ikasomeka QI kwa kulala na kwa kushuka, hapo unavuta 62 kwa mpigo, mwenzio anabaki anakodoa macho. Kuna QAT pia, hiyo ni miraa tu.

Ukijaziwa konsonanti tupu bila irabu hata moja kuna CWM, neno la Kiwelshi, bonde la mlimani lililochongwa na barafu, na CRWTH, chombo cha nyuzi cha zamani cha hukohuko Wales (watu watakupinga sana hapo, waache tu wapinge maana anaepinga neno sahihi kwa sheria nyingi za mashindano ndo anaumia).

Ila kitu wengi wetu hatustukii ni kwamba Kiswahili kimo humo kwenye orodha ya maneno yanayokubalika! BWANA inapita, ASKARI inapita, na UHURU ndo dawa ukijaziwa U, inakutolea tatu kwa mara moja na zipo nne tu kwenye mfuko mzima. Tena zinabeba S ya mwishoni, BWANAS, UHURUS, masikioni inakera lakini pointi ni pointi.