Kumpeleka mtalii Serengeti kutokea Mwanza na kumrudisha salama

Mdogo wangu unayeanza kubeba watalii, panga saa kabla hujashika usukani. Naamini kabisa kwamba ajali za safari zetu huanzia kwenye ratiba. Mgeni katua mchana, anataka kisiwa cha Saanane, anataka picha ya Jiwe la Bismarck lililo ziwani, na jioni hiyohiyo awe ameshaingia hifadhini. Mkatalie kwa heshima. Alale mjini, mtoke saa kumi na mbili asubuhi.

Kutoka Buzuruga, hapa mjini, hadi Ndabaka, lango la Serengeti la upande wetu, tenga saa tatu, hata kama wenzako wanajisifu kwa mbili. Kisesa, Magu, Lamadi, kote huko kwenye makazi mwisho ni kilomita 50 kwa saa, na ng'ombe hawana ratiba. Kurudi, hesabu kinyumenyume: jua huzama saa moja kasoro na giza linashuka ghafla, kwa hiyo usivuke saa tisa na nusu hujatoka getini. Mgeni ataomba nusu saa zaidi kwa ajili ya simba. Mweleze tangu asubuhi kwamba hiyo nusu saa utailipia kwa mwendo, na mbele kuna fuso lililoharibika bila taa, limewekewa matawi tu ya kuashiria, na baiskeli ya mkaa isiyoonekana mpaka uifikie.

Ndani ya hifadhi wageni husimama, paa likiwa wazi. Kabla ya kukanyaga lami, simamisha gari, shusha paa, wote wakae. Kisha geuka ukague mikanda ya viti vya nyuma kwa macho, mmoja mmoja. Usiulize tu "mmefunga?", maana watakuitikia huku wanaangalia picha kwenye kamera.

Mjini kuna hatari nyingine ambayo madereva wengi hawaifikirii. Mtalii wa Ufaransa, Ujerumani au Marekani, hata ndugu yetu wa Kigali, kwao magari hupita kulia, hivyo akitaka kuvuka hutazama kushoto kwanza. Nilimwona mama mmoja Barabara ya Kenyatta akitazama kushoto kwa makini kabisa, mguu umeshashuka lami, bodaboda ikija kulia kwake. Nilimvuta kwa mkanda wa begi. Tangu hapo kila mgeni namsimamisha ukingoni tufanye pamoja: kulia, kushoto, kulia tena, ndipo tuvuke. Maneno peke yake hayamtoshi, shingo inafuata mazoea.

Akitaka bodaboda, mtafutie unayemjua, mwenye helmeti ya abiria. Ufunge mkanda wa kidevuni mpaka vipite vidole viwili tu.

Na bosi akikupangia kwenda Serengeti na kurudi, halafu usiku huohuo uwanja wa ndege, omba dereva wa pili au mgeni alale Lamadi. Mwandikie ujumbe jioni ya kabla ya safari, bado kuna muda wa kubadilisha.