Osileta nayo inasikia baridi: namna ya kuituni na kuichezea ukiwa huku Mbeya

Wadau mambo. Naandika hii nikiwa Uyole, saa tatu usiku, mwezi wa saba, nimevaa makoti mawili juu ya sweta, na mashine yangu nimeiwasha toka saa mbili na nusu ila sijagusa noti hata moja. Naisubiri ipate joto.

Kwa wale ndo mnaanza, sinthesaiza ya moduli unaiunga mwenyewe kipande kwa kipande kwa waya, na osileta ndo koo lake, sauti inazaliwa pale. Ya analogi haina kompyuta ndani, ni saketi inajaza kapasita umeme afu inamwaga, inajaza inamwaga, ikifanya hivyo mara 440 kwa sekunde unasikia noti A. Ukiipa volti 1 zaidi kwenye tundu la noti inapanda oktava moja, yani 440 inakuwa 880, na ukigawa hiyo volti kwa 12 unakuta nusu toni moja ni milivolti 83 na kidogo tu. Sasa fikiria kitu kinachopimwa kwa milivolti, afu kinalala kwenye chumba cha bati mwezi wa saba Mbeya.

Tatizo lenyewe liko kwenye transista zinazobadilisha volti kuwa noti, zenyewe zinabadilika na joto, kama asilimia 0.33 kwa kila digrii moja. Inaonekana ndogo eeh? Piga noti iliyo oktava tatu juu ya ile uliyotunia, digrii moja tu inakusogeza senti 12, na nusu toni nzima ni senti 100, kwa hiyo digrii nne tano hapo kwaya nzima inageuka kukuangalia. Watengenezaji wanaweka rizista maalumu ya kufidia, inasaidia sana, ila haimalizi kila kitu. Kwa hiyo washa, acha nusu saa, kanywe chai. Na tafadhali usilete jiko la mkaa ndani ili chumba kiwahi joto, kwanza ile moshi isiyoonekana inaua watu kila msimu wa baridi, pili joto la upande mmoja linaivuruga osileta zaidi kuliko baridi yenyewe.

Kabla ya hapo lakini, kuchomeka. Zima umeme kwanza, siku zote. Ule waya bapa wa nyuma una mstari mwekundu, na mstari huo kwa kawaida unakaa upande wa hasi volti 12, ila soma maandishi kwenye bodi yenyewe usiniamini mimi. Moduli yangu ya kwanza niliigeuza, nikawasha, nikasikia harufu kama ya plastiki ya chaja feki, dakika moja haikupita na nauli ya kwenda Dar na kurudi imeungua hivyo. Sikulala.

Haya imeshapata joto. Toa waya kwenye tundu la saini (sine, sio ya karatasi), ndo wimbi laini zaidi na tyuna ya simu inalisoma bila kuchanganyikiwa, peleka kwenye miksa lakini geini (nobu ya kukuza sauti inayoingia) iwe chini kabisa kwanza, maana osileta inatoa kama volti 10 kutoka chini hadi juu wakati miksa ya kanisani imezoea volti moja hivi, utapasua masikio ya watu na spika juu. Piga C ya chini, zungusha nobu ndogo ya kutunia mpaka ikae. Panda oktava moja, halafu mbili, halafu tatu. Kama juu inazidi au inapungua kuna kiskrubu kidogo cha skeli, unakigeuza taratibu na bisibisi ya miwani, na hapa wengi wanakata tamaa kwa sababu ukigeuza skeli na ile C ya chini nayo inahama, kwa hiyo unarudi chini unaituni upya, unapanda tena, unarudi, mimi huwa inanichukua safari sita saba. Usikiguse hicho kiskrubu mashine ikiwa ya baridi. Utakuja kukijutia baada ya nusu saa.

Sasa sauti. Osileta inatoa mawimbi yenye maumbo tofauti, kila moja na tundu lake. Msumeno una harmoniki zote, yani zile sauti za juu zinazopanda pamoja na noti yenyewe, ndo wa kuanzia beisi na vinanda vizito, filta (moduli ya kupunguza harmoniki) ina cha kukata. Mraba una zile za namba witiri tu, 1, 3, 5, 7, ndo maana unasikika una uwazi ndani kama filimbi ya mwanzi. Pembetatu ni mraba uliotulia. Basi.

Mraba ukiubana upande mmoja ubaki mwembamba, sauti inaenda puani. Ukichukua osileta ya polepole, mzunguko mmoja kwa sekunde mbili hivi, ukaifanya iubane na kuuachia yenyewe, osileta moja inasikika kama mbili. Usiizidishe tu, ukibana mpaka mwisho sauti inakatika kabisa na utadhani waya umekufa.

Ila ukiwa na osileta mbili kweli ndo raha. Zituni sawa, halafu ya pili isogeze kidooogo. Kama moja ni 110 na nyingine ni 111 utasikia sauti inavimba na kunywea mara moja kila sekunde, ikiwa 113 ni mara tatu, na ukishuka chini oktava na misumeno yote miwili unapata ule mngurumo wa lori lililojaa linapanda Kitonga gia ya kwanza. Hesabu yake rahisi, ni tofauti ya namba hizo mbili, kwa hiyo hata bila tyuna unaweza kuzilinganisha kwa sikio, unazungusha mpaka ile mivimbo inapungua, inapungua, inasimama.

Afu kuna sinki (sio la vyombo). Waya kutoka osileta ya kwanza unaingia tundu la sinki la ya pili, basi kila ya kwanza ikimaliza mzunguko inailazimisha ya pili ianze upya hata kama ilikuwa katikati. Noti unayosikia ni ya kwanza, lakini ukizungusha nobu ya ya pili noti haihami, rangi ndo inabadilika, inalia, inapasuka. Mpe envelopu (moduli inayotoa volti ya kupanda na kushuka yenyewe) aizungushe badala ya mkono wako, inayoanza juu na kushuka kwa nusu sekunde. Msikilize ya pili peke yake, ya kwanza usiipeleke kwenye miksa. Wiki mbili nilikuwa nazisikiliza zote nikawa nashangaa mbona haifanyi kitu.

Mashine hizi haziseviki. Ukipata sauti, piga picha waya na nobu kwa simu, na rekodi hapohapo, maana umeme ukikatika hata robo saa osileta inapoa, ukirudi unawasha, unavaa koti, unaanza kusubiri upya.