Siku 16 na Injili ya Marko: namna ya kukaza macho kwa Kristo

Petro alikuwa akitembea juu ya maji kumwendea Yesu, akaanza kuzama alipouona upepo (Mathayo 14:30). Upepo ulikuwapo tangu aliposhuka chomboni. Kilichohama ni macho yake. Utaratibu huu ni wa kuyarudisha macho kwa Bwana, na unamfaa mtu wa Bagamoyo mwenye shughuli zake.

Anza na Marko: sura 16, kila siku moja. Tumia Biblia ya karatasi. Ya simu si mbaya, ila ukiwasha tu, meseji za usiku zinaitangulia Injili.

Usomaji ufunge kwenye jambo la kila siku, usiuache "nikipata nafasi". Mwenye duka aamke na adhana ya alfajiri, asome kabla ya kuwasha jiko. Mvuvi hawezi hivyo, safari zake hufuata maji na mwezi; yeye asome akishauza samaki mnadani, kabla hajalala. Nyumba ikijaa kelele, tembea mpaka kwenye msalaba wa pwani, walipotua wamisionari Wakatoliki wa shirika la Roho Mtakatifu mwaka 1868. Asubuhi na mapema pametulia.

Soma kwa sauti, mara mbili. Mara ya pili angalia Yesu anafanya nini, anauliza nini. Chukua sura ya 10. Yakobo na Yohana wana ombi, naye anawauliza wanataka awafanyie nini (mstari wa 36). Mbele kidogo, Bartimayo kipofu anaulizwa swali lilelile (51). Wanafunzi waliozoea kutembea naye wanaomba kuketi kuume na kushoto kwake katika utukufu. Kipofu wa kando ya njia anaomba kuona, anapona, anamfuata njiani. Msomaji wa mbio hili hulipita. Wewe litulie, umjibu Bwana swali hilo kwa maneno yako mwenyewe, walau dakika tano.

Kisha andika katika daftari tendo moja la utii. Hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa sababu huandika "nitakuwa mpole" au "nitampenda Mungu zaidi", na jioni hakuna wa kujua kama limefanyika. Liwe tendo la leo, lenye mtu na saa: "Saa kumi nampelekea muuza mkaa shilingi 5,000 zake, na kumwomba radhi kwa kumkwepa." Kabla ya kulala weka alama: limefanyika, au halikufanyika. Mengine yote yanachukua dakika 20 tu. Uanafunzi wenyewe hupimwa kwenye mstari huo mmoja.

Ukikosa siku, usisome sura mbili kesho kufidia. Sura zilizolimbikizwa hugeuka deni, na mdaiwa huanza kumkimbia anayemdai. Endelea ulipoishia.

Kila Jumapili baada ya ibada, kaa na mwenzako mmoja kutoka jumuiya yenu, mwanamume na mwanamume, mwanamke na mwanamke. Fungueni madaftari, mwulizane juu ya alama zilizokosekana, mwombeane. Msihubiriane. Na siri ya mtu ikitoka nje mara moja, kikao kimekufa. Hilo mwambiane mapema, tena waziwazi.

Siku ya 16 utawakuta wanawake kaburini wakiambiwa kwamba Yesu anawatangulia kwenda Galilaya (16:7). Galilaya ndiko alikowaitia wavuvi wakaacha nyavu. Kwa hiyo siku ya 17 rudi sura ya 1, daftari lile lile, ukurasa mpya.