Somo: kuchora chungu cha Kisi kwa penseli, kwa anayeanza

Anayeanza kuchora asikimbilie uso wa mtu. Jicho likihama milimita 2 tu, huyo si yeye tena. Anza na chungu cha Kisi, vile vinavyofinyangwa na akina mama wa Ikombe kando ya Ziwa Nyasa. Kimetulia, kina mviringo, na udongo wake haung'ai sana, kwa hiyo kivuli chake kinasomeka.

Tafuta penseli za HB, 2B na 4B (HB ndiyo hafifu, 4B ndiyo laini na nyeusi zaidi), raba laini na karatasi za A4. Za fotokopi zinatosha. Tandika tatu chini ya ile unayochorea, la sivyo mikwaruzo ya meza itajitokeza kwenye kivuli. Chonga kwa wembe, ncha ichomoze kama sm 1. Kichongeo huacha ncha fupi isiyolazika.

Hatua ya 1. Weka chungu juu ya ngata, mita 1 na nusu kutoka ulipokaa, chini kidogo ya usawa wa macho ili uone tundu la mdomo. Mwanga utoke upande mmoja. Unayetumia mkono wa kulia, dirisha liwe kushoto, mkono wako usitie giza karatasi. Siku za mvua Tukuyu wingu hutawanya mwanga na kivuli hupotea: funga pazia, washa taa moja ya pembeni.

Hatua ya 2. Nyoosha mkono, fumba jicho moja, pima upana wa chungu kwa penseli na kidole gumba, kisha linganisha na kimo. Kiwiko kikipinda, penseli inakaribia jicho na kipimo kinadanganya.

Hatua ya 3. Tuseme upana ni 5 na kimo ni 4. Kwa HB, chora kisanduku chepesi cha sm 15 kwa sm 12, na mstari wa wima katikati.

Hatua ya 4. Mdomo. Hapa ndipo wengi wanapoharibu, kwa hiyo usiharakishe. Akili inajua mdomo ni duara, lakini ukiutazama kwa ubavu, jicho linaona duaradufu, yaani duara lililobanwa. Pima upana wake na uwazi wake, mfano sm 9 kwa sm 2 na nusu, uweke alama nne. Zungusha mkono hewani kutoka begani mara tatu nne, ndipo uguse karatasi bila kusimamisha mzunguko. Ncha za kushoto na kulia zisichongoke kama limau. Hata zikiwa nyembamba, ni za mviringo. Kisha geuza karatasi juu chini: upande uliozidi utauona mara moja.

Hatua ya 5. Shusha shingo, bega na tumbo, ukichora pande zote mbili kwa zamu.

Hatua ya 6. Finya macho, utaona chungu kimegawanyika sehemu mbili tu, ya mwanga na ya giza. Laza penseli, jaza giza lote kwa HB, kisha ongeza 2B. Giza zito kabisa halikai ukingoni. Linakaa ndani kidogo, kwa sababu meza hurudisha mwanga kwenye ukingo wa chini. 4B ibaki kwa ndani ya mdomo na pale chungu kinapogusa ngata.

MASWALI

Mwalimu, shikamoo. Kivuli changu kinatoka na madoa yasiyofutika.
Marahaba. Unasugua kwa kidole. Mafuta ya ngozi hugandisha unga wa penseli. Tumia karatasi laini ya chooni, na weka kipande cha karatasi chini ya kiganja.

Nikichora sufuria, kitako kinaonekana kama kimekatwa. Nimekosea wapi?
Umekichora kwa mstari ulionyooka kwa sababu meza imenyooka. Kitako kiko chini zaidi ya macho kuliko mdomo, hivyo mkunjo wake uwe mkubwa zaidi.

Urembo wa chungu niuchore lini?
Baada ya umbo, kabla ya kivuli. Ufuate mzunguko wa tumbo, na nafasi kati ya alama zizidi kubanana kadiri unavyokaribia kingo. Ukizipanga sawasawa, tumbo linakuwa bapa.

Nataka kuweka mlima Loleza nyuma ya chungu. Nitumie 4B?
Hapana ndugu, HB tena kwa mkono mwepesi. Hewa iliyo kati yako na mlima hupausha giza lake. Ukiukoleza, utaruka mbele ya chungu.